Mume wa Kupeleka Ofisini

Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa Temeke, na mkopo wake ulichukuliwa kwa jina langu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na mshahara. Nilikuwa nesi. Mume wangu alikuwa mtu wa shughuli. Ukimwuliza shughuli gani, alikunja mikono ya shati akasema mambo ya mji huu hayaelezeki kwa mtu wa bara. Yeye kwao Lindi. Alikuwa na sauti nzuri na kanzu safi, na miaka ile baada ya Uhuru mtu mwenye sauti nzuri aliweza kukaa Dar es Salaam muda mrefu bila yeyote kumwuliza anakula wapi.

Ofisi ya mikopo ilitaka kukata fedha kwenye mshahara wangu moja kwa moja. Akakataa kata kata.

"Mie nilipiwe nyumba na mke? Watu watanionaje?"

Akasema atazipeleka mwenyewe, mkononi. Basi kila mwisho wa mwezi nilimkabidhi fedha, naye akaoga, akajipulizia marashi, akaenda mjini kama waziri anayekwenda kufungua daraja. Aliporudi alikuwa amechoka sana. Nilimpikia.

Ukweli ulikuja asubuhi ya Jumamosi, nikiwa naanika nguo. Nilisikia kengele barabarani, nikadhani ni muuza mafuta ya taa. Kumbe dalali. Alisimama mbele ya mlango wangu, akapiga kengele yake tena, akatangaza kwamba nyumba hii itanadiwa kwa sababu mwenye nayo halipi. Mwenye nayo nilikuwa mimi, na shuka bichi mkononi.

Majirani walitoka. Sijapata kuona watu wanaotoka haraka vile. Mama mmoja aliyekuwa akiazima pasi yangu kila wiki alipita ukutani kwangu akipima dirisha kwa urefu wa mkono wake, polepole, hata hakuona haya. Mwingine alimwuliza dalali kama bati zile zitauzwa peke yake. Hawa ndio tuliokuwa tukikaa nao kwenye mikutano ya nyumba kumi, tukiambiana kwamba sote ni ndugu.

Mume wangu alitazama ile kengele, akavaa viatu, akasema anakwenda kumwona mtu. Alirudi siku kadhaa baadaye, na alirudi na hotuba.

"Mama watoto, pale ofisini pamejaa vibaraka wa mabepari. Wanaona uchungu mwananchi wa kawaida kumiliki nyumba."

"Fedha nilizokuwa nakupa ziko wapi?"

"Ndiyo hayo ninayokueleza."

Hakueleza. Nilikuja kuzikuta fedha zangu mwenyewe: zilikuwa Mabibo, zimegeuka chumba, na ndani ya chumba mwanamke, na chini ya mwanamke kitanda cha mninga kizuri kuliko changu. Alihamia huko kabla sijamwambia ahame, watoto akaniachia. Tulifunga ndoa bomani, lakini talaka hakunipa. Alisema hana muda wa kuzunguka kwenye maofisi.

Mie nilikuwa nimekwenda ofisi ya mikopo Jumatatu iliyofuata ile kengele, na sare zangu za kazi, nikakubali kukatwa mshahara, deni la kila mwezi pamoja na malimbikizo yote. Mnada ukasimamishwa. Kwa miaka mingi iliyofuata nililala na kuamka kwenye nyumba ambayo watu walikuwa wameipima madirisha. Niliwasalimia wale majirani, waliniitikia, na kila walipoitikia nilikuwa nawadharau kwa moyo wangu wote. Sikusamehe. Padri aliniambia nisamehe. Padri alikuwa na nyumba ya misheni.

Wakati huo huo serikali ilipima viwanja Sinza, na wafanyakazi wengine wa hospitali wakagawiwa. Nikaomba, nikapata. Palikuwa na mikorosho na nyasi za kufika kiunoni, na hakukuwa na mtu hata mmoja anayenijua. Nilisimama katikati ya kiwanja changu nikahisi nimepumua. Mpango ulikuwa rahisi: niuze ya Temeke, nimalizie kilichobaki kwenye mkopo wa kwanza, nichukue mkopo mpya nijenge.

Ofisa wa mikopo aliyenipokea alikuwa kijana aliyenenepa mapema. Alivaa suti ya mikono mifupi na beji ya chama kifuani. Alituita sote ndugu, na ndugu sote tulikuwa tumesimama. Juu ya kiti cha mgeni alikuwa ameweka feni.

"Ndugu, jina lako hapa limechafuka. Nyumba yako ilifikia mnada."

"Ilifikia. Tangu hapo nakatwa kila mwezi. Sijaruka mwezi hata mmoja."

"Ndiyo. Lakini sisi tunaangalia historia."

"Na hiyo miaka niliyolipa siyo historia?"

Alitabasamu jinsi watu wanavyomtabasamia mtoto aliyeuliza mvua inatoka wapi. Kisha akaniambia kwamba mwanamke peke yake ni hatari kwa ofisi, kwamba leo yuko na kesho kaolewa kwingine, na kwamba kwa kuwa ndoa yangu bado ipo, nimlete mkuu wa kaya aje aweke sahihi.

Nilimwambia, kwa Kiswahili kisicho na kona, kwamba huyo mkuu wa kaya ndiye aliyekula fedha.

"Mambo ya ndani hayo, ndugu," alisema. "Mlete tu."

Nilikaa na hasira wiki nzima. Kisha nikaenda Mabibo.

Mwanamke wa Mabibo alinipa shikamoo na kigoda. Alikuwa mdogo, na amechakaa kuliko umri wake; kitanda cha mninga sikukiona, nadhani nacho kilikuwa kimeshauzwa. Nilikuja nimejiandaa kumchukia, nikakuta hakuna cha kuchukia, nikamchukia kidogo kwa hilo. Mume wetu alikuwa amekaa barazani akisikiliza redio ya jirani. Nilimweleza. Alinisikiliza macho yamefumbwa.

"Kwa hiyo unanihitaji," alisema.

"Sahihi yako inahitajika."

"Mie siwezi kwenda ofisi ya serikali na viatu hivi."

Nikamnunulia viatu. Naandika hili nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, na bado meno yanauma nikikumbuka jinsi alivyovijaribu dukani, akitembea huku na huku, akimwambia muuzaji vinabana.

Siku ile tulipoingia ofisini, yule kijana aliinuka. Aliinuka! Akaishusha feni sakafuni, akafuta kiti kwa kiganja.

"Shikamoo mzee. Karibu, mzee, kaa."

"Marahaba, baba."

Mie nilisimama nyuma yao, nimeshika mkoba. Mume wangu akakunja mguu ili kiatu kionekane, akaanza. Alieleza jinsi alivyopambana kuokoa nyumba ya Temeke. Alieleza alivyojinyima. Alisema alifika mahali akala mlo mmoja kwa siku ili familia yake isitupwe nje, na sauti yake ikakatika kidogo hapo, mahali panapofaa kabisa. Alisema Ujamaa unaanzia nyumbani. Ofisa alikuwa anatikisa kichwa kama yuko msikitini.

"Wazee wa aina yako wamebaki wachache," alisema. Kisha akanigeukia, kwa mara ya kwanza siku ile. "Ndugu, una bahati."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno, na yalikuwa mengi. Nikaitazama kalamu iliyokuwa mezani, haijashikwa bado, nikafunga mdomo.

"Ndiyo," nilisema. "Bahati."

Wakatia sahihi. Mkopo ukapita mwezi huo huo, kwa dhamana ya mtu pekee katika habari hii yote ambaye hakuwahi kulipa hata senti. Kwenye ngazi, alinishika bega.

"Umeona? Mambo haya yanataka mtu anayejua kuzungumza."

Nilimpa nauli ya kurudi Mabibo. Akasubiri na ya soda. Nikampa.

Kujenga kulikuwa taabu nyingine, kwa sababu simenti ilikuwa ya kibali, na kibali kilikuwa cha kusubiri kwenye mabenchi ya wanaume wengine wenye beji. Lakini kuta zilipanda. Niliiuza ya Temeke kama nilivyopanga, nikahama na lori la kukodi, mchana kweupe, na wale majirani walitoka tena, safari hii kunisaidia kubeba. Mama wa pasi alilia. Nilimwachia ile pasi, ilikuwa imekwishakufa.

Rangi ya Sinza haijakauka vizuri, akaja. Alikuwa na sanduku na vile viatu. Alizunguka nyumba, akagonga ukuta kwa vidole, akasema fundi alikosea kuweka jiko upande wa upepo.

"Sasa chumba chetu ni kipi?"

"Chumba changu ni kile. Vingine vya watoto."

"Mama watoto, mimi nilitia sahihi."

"Ulitia. Nami nilikulipa viatu."

Alitazama barabarani kuona kama kuna anayesikia. Wapo waliosikia. Majirani wapya walikuwa wamesimama vibarazani, na mmoja alisema kwa sauti ya kunifikia kwamba wanawake wanaofanya kazi ndivyo walivyo. Nilijua basi kwamba hata hapa nitakaa na watu, na kwamba watu ni wale wale. Haikunisumbua kama nilivyodhani. Nilimletea chai nje, akanywa amekaa juu ya rundo la matofali yaliyobaki, akaomba sukari zaidi ingawa alijua sukari haipatikani. Nikamwambia haipo. Alipomaliza aliniachia kikombe, akabeba sanduku, akaondoka taratibu, akisalimiana na kila mtu njiani kama mwenyeji.

Niliendelea kukatwa mshahara mpaka karibu na kustaafu. Ofisa yule alipandishwa cheo. Mikorosho miwili ya kiwanjani niliiacha, na kila msimu watoto wa jirani aliyenisema huja kuiba korosho, nami huwafukuza.