Kigingi cha Manispaa

Barabara yetu ya Kakuma ilipotiwa lami, nilifurahi kama mjinga. Zamani malori yalijikokota kwenye mashimo, na dereva aliyechoka alisimama kwetu kunywa chai. Baada ya lami yakawa yanapita mbio, na kandokando yakachipuka majengo ya ghorofa, duka la simu, duka la saruji. Kisha tukaambiwa kwamba sasa sisi ni manispaa na barabara itapanuliwa. Tangu siku hiyo usingizi ukanipaa. Hoteli yetu ya mabati, meza nne na jiko kwa nyuma, ndiyo iliyotulisha mimi na mama.

Wapimaji wa barabara walipita siku niliyokwenda Lodwar kununua unga. Niliporudi nilikuta kigingi cha chuma kimesimama mbele ya hoteli, karibu na lami. Tumepona! Barabara mpya itaishia hapo, haitatugusa. Kisha nikaona kamba. Mbuzi wa mama alikuwa amefungwa pale, anatafuna boksi.

“Mama, kigingi waliweka hapa?”

“Hapana. Waliweka nyuma ya jiko. Huko jua kali, mbuzi atakufa. Mimi natoa, naleta hapa kwa kivuli.”

Kwake, chuma kilichochomekwa ardhini ni cha kufungia mbuzi. Kingekuwa cha nini kingine? Kung'oa alama ya serikali ni jela, hivyo ndivyo nilivyojua. Lakini kukirudisha ni kuibomoa hoteli kwa mikono yangu.

“Nyamaza,” mama akasema. “Wacha mbuzi akae.”

Nilinyamaza siku tatu. Kila gari jeupe kama la serikali lilipopunguza mwendo, chapati iliungua mbele ya macho yangu.

Siku ya nne mpimaji mwenyewe akaingia, mtu mpole mwenye helmeti, akaketi. “Ejok, mama,” akamwamkia mama yangu. Akanitazama, halafu akageukia nje, kwa mbuzi. Akilini nikamwona mama ametiwa pingu.

“Ni mimi,” nikasema. “Nilikihamisha kigingi. Kilikuwa nyuma ya jiko. Usimshike mama.”

Aliduwaa. “Dada, mimi nimekuja chai tu. Kesho narudi Nairobi. Hata sikuwa nimekiona.”

Sasa alikuwa amekiona. Hakumshika mtu. Alimaliza chai polepole, akaenda kuleta mashine yake ya kupimia. Kufika saa saba mchana, mlango wa jiko ulikuwa na alama ya X nyekundu ya kubomolewa, na mama alikuwa anamfungua mbuzi, haniangalii.