Vidonge Vyeupe Kwenye Nguo za Mtoto

Mama mkwe alipokuja kutoka kijijini, Magharibi, kunisaidia na mtoto, alibeba unga wa wimbi, kuku mmoja na sanduku la nguo. Zilikuwa nguo za binti yangu wa kwanza, ambazo nilizipeleka kwake zilipoanza kumbana. Yeye alizifua, akazikunja, akazihifadhi miaka yote hiyo, na katikati ya mikunjo akatia vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Alipolifungua sanduku sebuleni kwetu Kayole, harufu ilijaa nyumba nzima. Mimi niliipenda. Ilinikumbusha nguo za kanisani za mama yangu.

Mtoto alikuwa hajamaliza hata wiki mbili. Tulimpa jina la marehemu baba mkwe, kwa hivyo mama mkwe hakumwita mtoto, alimwita mzee wangu. "Nileteeni mzee wangu nimvishe," alisema. Akamvisha sweta, kofia na soksi, kisha akamzungushia shali iliyotoka humo humo sandukuni.

Siku chache baadaye macho ya mtoto yakawa ya manjano. Jirani alisema wachanga wengi huwa hivyo, nimtoe nje apate jua. Lakini jua haliingii kwetu. Jengo la mbele liko karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unaweza kuanua nguo za watu. Tukawa tunapanda naye juu ya paa asubuhi, amefungwa vizuri kwenye ile shali asishikwe na baridi. Hali ikazidi. Akaacha kunyonya, akawa analala tu, na mkojo kwenye nepi ukawa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Hapo hatukungoja tena.

Daktari aliyetupokea hospitalini alikuwa msichana ambaye macho yake yalionyesha hajalala. Aliuliza kama nimempa dawa za kienyeji, kama mimi mwenyewe nilikuwa natumia dawa yoyote. Nikajibu hapana kwa yote. Kisha akainama kusikiliza kifua cha mtoto, akasita.

"Hii harufu ni ya nini?"

"Ni ya nguo, daktari. Zilikuwa zimewekwa."

"Na vidonge vya nondo?"

"Ndiyo."

Akasema tumvue zote. Mwanangu akalazwa na nepi peke yake chini ya taa ya buluu, macho yamefunikwa kwa kitambaa, na baadaye akaongezewa damu. Daktari alitueleza polepole. Kuna watoto, wengi wao wavulana, hasa kutoka sehemu zenye malaria kama kwetu, wanaozaliwa na damu isiyostahimili kemikali ya vidonge vile. Wakiivuta au ikiwagusa ngozi, chembe za damu hupasuka. Ule umanjano ni mabaki yake.

"Hali hii ameirithi kwako, mama," aliniambia kwa upole.

Mama mkwe alikuwa ameketi kando yangu, mkoba mapajani. Nilidhani atanigeukia. Hakunigeukia.

"Watoto wangu wote walivaa nguo za kuwekwa hivyo," alisema. "Hata baba yake huyu."

"Na hawakupata shida, Mama. Ndiyo maana usingeweza kujua," daktari alimjibu.

Aliitikia kwa kichwa, lakini niliona maneno hayajamwingia. Damu ilikuwa yangu, vidonge vilikuwa vyake, na tulikaa na jambo hilo kwenye benchi moja siku zote za wodini. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kugombana. Aliniletea uji kila asubuhi. "Kunywa," alisema, "maziwa yasije yakakauka."

Mtoto akapona. Tuliporudi nyumbani, mama mkwe alikuwa amezifua nguo zote upya kwa maji moto na kuzianika juu ya paa. Nikaisogeza fulana moja puani.

"Bado iko, Mama."

"Nimefua mpaka mikono imechubuka."

"Najua."

Akazikusanya, akatoka nazo. Sijui alizipeleka wapi. Sikuuliza.

Kwa mume wangu, mambo yaliishia hapo. Kwangu ndiyo yalianza. Daktari alikuwa ametaja vidonge vile na dawa chache za hospitali, akasema nisiogope kila kitu. Lakini nyumba yenyewe ilikuwa na dawa ya kung'arisha nguo, dawa ya kupuliza mende, na unga wa kunguni unaouzwa barabarani kwenye karatasi isiyoandikwa chochote. Nilimwendea aliyeniuzia.

"Ndani ya hii mmetia nini?"

"Ni ya kunguni, mathe."

"Hilo najua. Nauliza imetengenezwa na nini."

"Iko poa. Hii mtaa wote wanatumia."

Basi nikaamua mwenyewe, kwa kukisia. Ya kung'arisha ikae juu kabisa ya kabati. Ya mende ipulizwe watoto wakiwa kwa jirani. Unga nikautupa, tukaanza kuchemsha mashuka na kumwagia vitanda maji moto, kazi inayomaliza Jumamosi yangu hadi leo. Sikuwa na uhakika na lolote. Nilichoka kutoamua.

Sasa mvulana yuko shule ya chekechea na anakimbia kama wenzake. Vidonge navyo viko kila mahali, kwenye sinki za hoteli, kwenye choo cha kanisa, kwenye kabati la dada yangu kule Donholm. Nikimtembelea mtu natanguliza pua, kisha naeleza upya habari ya damu, huku mwenye nyumba akinitazama kwa subira anayoonyeshwa mgonjwa.

Wiki iliyopita nilivikuta kwenye choo cha shule yao.

"Lakini mama, hivi kila mtu anavitumia," mwalimu alisema.

"Ndiyo, mwalimu. Kila mtu."

Nikasimama mlangoni mpaka akavizoa kwa karatasi. Akaniuliza avitupe wapi. Nikamwambia kwenye pipa la nje, lile lenye kifuniko, watoto wasifike. Nikaingia kazini nimechelewa, nikaketi kidogo kabla ya kufungua dirisha langu la kuhudumia wateja.