Fujo Yetu mu Mashine Yao

Wakati wa vita nilikuwa mulinzi wa stasio ya kuchunguza samaki, kando ya ziwa, mbali kidogo na Kilwa ya kwetu Katanga. Wasomi walishakimbia. Tulibaki wawili: mimi na mupishi, muzee mwenye mguu mubovu. Kila asubuhi nilitoa habari kwa fonie, redio ya kusemea, mpaka biro ya Lubumbashi. Kule kulikuwa bwana wa hesabu, mugeni aliyejifunza Kiswahili cha pwani mu vitabu. Aliingiza maneno yangu mu ordinatere, mashine yake ya hesabu, nayo inapima hatari: rangi ya kijani, mubakie; nyekundu, bwato ya motere inavuka ziwa kuwachukua.

Sasa, kwetu Katanga «fujo» ni wingi tu. Nilisema: «Samaki iko fujo, patron.» «Mvua fujo.» «Mbu, weee, fujo!» Yeye akaandika kila siku: vurugu. Miezi mizima ya vurugu, na hata kuku hakufa! Mashine ikaona kama sisi tunakula vurugu na bukari, ugali wetu, tunashiba, tunalala. Ikatupa kijani.

Siku basoda, watu wa bunduki, balipoingia kijiji cha jirani, nilirukia fonie.

«Basoda iko fujo! Tuma bwato!»

«Fujo ni kawaida yenu, tata,» bwana wa hesabu akajibu. «Rangi ni kijani.»

«Kijani ni majani, patron! Mimi naona bunduki!»

Akamwita direktere wa biro, muzaliwa wa Lubumbashi, aliyenyonya neno fujo kwa mama yake. Nilimusikia akihema. Kisha akasema: «Mashine imeshasema. Muvumilie.»

Mugeni ninamuachilia, hakujua. Huyu alijua.

Tulitoroka kwa miguu, mu matete. Karibu na barabara mupishi akakaa chini.

«Mudogo, tangulia. Nakuja.»

«Yaya, mukubwa wangu, simama!»

«Tangulia, nasema. Ao unataka nikubebe?»

Hata alicheka. Nilitangulia. Nyuma yangu risasi zikalia mara mbili.

Nilipofika Lubumbashi, direktere alimwita mujane wa mupishi, akamuwekea karatasi ya kutia kidole. Mama akaniomba nimusomee. Nilisoma polepole, shule yangu iliishia mwaka wa ine: kifo kwa hatari isiyoweza kujulikana mbele ya wakati.

«Na muntu aliyeomba bwato,» mama akauliza, «bamuandika wapi?»

Direktere akavua miwani, akaanza kuipangusa.

Mama akafunika boksi ya wino, akamusukumia pamoja na karatasi, akasimama.