Zero ya Shingo

Mimi ni kine, kazi yangu ni kunyoosha viungo vya watu, na mikono yangu siidharau hata kidogo. Kwa hiyo muzee wa kituo chetu alipotufungulia kisanduku cha kapteri, roho yangu ilikataa. Vilikuwa vidude viwili vidogo kama vifuniko vya chupa, kimoja cha kubandika kwenye paji la uso, kingine chini ya shingo. Vingetuma hesabu kwenye ordinatere, kompyuta ya kituo: shingo imeinama degre ngapi, imeinuka degre ngapi. Sisi tulitakiwa kujua kama vinasema kweli. Mimi nipime kwa raportere yangu ya zamani ya plastiki, ile ya kupimia pembe, vyenyewe vipime, halafu tulinganishe.

Mtu wa nne kupimwa alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Mabanga, mbebaji. Miaka mingi alibeba mgongoni magunia ya maharagwe yanayotoka mji wa Kiwanja, kamba ikimkaza kwenye paji la uso. Kabla hatujaanza alinisogelea.

"Mama kine, vidole vinanifia. Juzi sahani ilinitoka, sikusikia. Munipime muzuri, nijue kama nitaendelea kubeba ao niache."

Sahani kumtoka mtu mkononi bila yeye kusikia si jambo la kuchekea: mishipa ya vidole hutokea shingoni. Nilimwahidi nitampima vizuri.

Muzee akasimama mbele yake. "Mama, angalia mbele, tuchukue zero." Mama akatulia, muzee akabonyeza. Kuanzia hapo kila kitu kingehesabiwa kutoka pale shingo ilipokuwa.

Alipoinua uso kutazama juu, raportere yangu ilisoma degre tano tu. Ordinatere ikaandika thelathini. Nikapima tena, nikapata tano ileile.

"Mama kine, mikono yako imezeeka," muzee akasema. "Masini haichokake."

Wenzangu wakacheka. Nilikasirika, nikaona haya pia, na haya ndiyo iliyoshinda. Nilifuta tano, nikaandika ishirini na nane. Mama akapewa karatasi yenye muhuri, kwamba shingo yake inainuka vizuri. Alinishukuru mimi, wala si masini.

Majuma yaliyofuata nilikuwa mkali ovyo, hata kwa watoto wangu. Kisha sisi wafanyakazi nasi tukapimwa, ikafika zamu yangu kubandikwa vile vidude. Muzee akasimama mbele yangu, akaniambia niangalie mbele. Basi mimi, mwanamke niliyelelewa kutomkazia macho mtu mzima, nikashusha uso. Sikuwaza, mwili ulifanya wenyewe. Akabonyeza.

Hapo nikamkumbuka mama wa magunia. Kumbe yule mama naye aliinamisha kichwa kwa heshima, na masini ikaichukua heshima yake ikaiita zero. Alipoinua tu uso ukawa sawa, ikahesabu kwamba anatazama juu. Hakuna kati yetu aliyeliona hilo. Kama asingeinama mbele ya muzee, hapo ndipo tungemshangaa.

"Muzee, yule mama wa magunia tulimupima vibaya," nikasema. Nikamweleza yote, pamoja na ile tano niliyoifuta. Safari hii hakuna aliyecheka.

Nikapanda pikipiki hadi Mabanga. Njia nzima nilijidanganya: pengine amepumzika, pengine kuna mtu amemkataza. Nani angemkataza, na muhuri wetu anao?

Nilimkuta ameketi mlangoni mwake. Alifurahi kuniona, na furaha yake ikaniumiza.

"Aksanti, mama kine. Nilirudia kazi siku ileile, sababu mulisema shingo iko muzuri."

Akaninyooshea kifundo cha mkono, jinsi tunavyosalimiana mtu akiwa na unga au matope mkononi. Nikakishika. Ndipo nikatazama vidole vyake. Vilikuwa visafi, vikavu, na havikuweza tena kukunjika.