Uso wa Joka la Ukungu

Watu wa kisiwa chetu cha Tobane huniita Mama Kanuni, na si kwa kunisifu. Miaka thelathini na moja nimegonga mihuri kwenye posta ndogo iliyo juu ya gati, na katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyenitoa jasho kama Irifune Tamotsu, kinyozi.

Kinyozi yule alikuwa akikusanya stempu za vitabu vya hadithi vya “Walinzi wa Ukungu”. Vitabu vile nani hapa kwetu hakuvisoma? Watoto walivisoma, wazazi wakavisoma wakijifanya wanawakagua watoto, na Tamotsu alivisoma kwa sauti huku wembe uko shingoni mwa mtu. Akifika pale joka linapopita juu ya mji, wembe unasimama. Na wewe mwenye shingo unatulia kama maji ya mtungi, utafanyaje?

Kila vuli ilitolewa karatasi moja yenye stempu kumi, karatasi moja kwa kila kitabu, na vitabu vilikuwa saba. Mwanzoni niliona ni mchezo wa kitoto, na nilimwambia hivyo. Mwaka wa tatu akazipanga karatasi zake tatu ubavu kwa ubavu juu ya kaunta yangu, ndipo nikaona. Mwili wa joka ulitoka karatasi ya kwanza ukaingia ya pili, ukapinda, ukazama mawinguni, ukaibuka kwenye ya tatu, na gamba moja halikupishana na mwenzake. Mkia na kiwiliwili tu, kichwa hakuna. Hata vitabuni mwandishi hakuwahi kueleza uso wa joka lile. Nilijikuta nimeshika kifua.

“Umeliona, Bi Mitsuyo?”

“Nimeliona. Haya ondoa, watu wako foleni.”

Nyuma yake hakukuwa na mtu.

Siku ya toleo alikuwa anafika kabla sijafungua mlango, kucha amekata, kibano mfukoni, na chini ya kwapa rundo la karatasi za majaribio. Hakutaka stempu zimpelekee barua popote. Alitaka muhuri wa kisiwa chetu, ule wenye mnara wa taa na chungwa, wenye tarehe ya siku ile ile, kisha arudishiwe zake mkononi.

“Jaribu kwanza kwenye hii, dada.”

“Kwani nimeanza kazi leo?”

“Jaribu tu. Nywele nikiziharibu zinaota. Hii haioti.”

Basi najaribu mara tatu, kisha nagonga, sote wawili tumebana pumzi. Ukitoka safi, Tamotsu huinama kwa heshima. Anaiinamia stempu, si mimi! Nilikuwa nakasirika, halafu nikigeuka nacheka.

Mwaka huu mapafu yakamshinda. Daktari wa ng’ambo alimrudisha nyumbani akafie kwake, na kisiwa kizima kilijua kwamba mgonjwa anaomba kitu kimoja tu, kuuona ule uso. Karatasi ya saba ilikuwa itoke tarehe kumi na tano Oktoba. Kwenye bango la posta kichwa kilikuwa kimefunikwa na ukungu makusudi.

Tarehe kumi na nne mkewe, Chizue, alikuja na aproni yake ya jikoni. Alijua, kama kila mtu, kwamba karatasi zimeshafika na ziko ndani ya sefu.

“Nionyeshe tu, Bi Mitsuyo. Sinunui. Nitazame mara moja, nikamsimulie.”

“Kesho saa tatu, Chizue.”

“Kesho yake siijui.”

“Kanuni ni kanuni.”

Hakubishana hata kidogo. Aliinama, akatoka. Tamotsu alikata roho usiku ule ule, saa nne.

Asubuhi nilifungua posta. Kila siku jambo la kwanza ni kuzungusha gurudumu dogo la tarehe ndani ya muhuri, kisha nagonga kwenye daftari na mkuu wa posta anatia sahihi kando. Mkuu alikuwa ng’ambo kwenye mkutano. Mimi nilikaa na kikombe cha chai mpaka kikapoa, nikijitukana.

Saa tatu kamili Chizue akaingia, amevaa nyeusi. Aliweka kibano juu ya kaunta, akaweka na karatasi za majaribio.

“Jaribu kwanza kwenye hii,” alisema.

Nilijaribu mara tatu, macho kwenye wino tu. Nikagonga zote kumi, na sijawahi kugonga safi vile maishani. Kisha nikauinua mkono, tukauona uso.

Lo! Nilitegemea meno, nilitegemea moto. Lilikuwa joka zee. Jicho moja lina mtoto wa jicho, jingine linakutazama wewe uliyesimama hapo, na mdomo limefumba, linakusikiliza. Uso ule ulijaza stempu zote kumi. Nywele zilinisimama. Chizue alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

Ndipo nikaiona tarehe. Kumi na nne.

“Ole wangu, Chizue! Sikugeuza tarehe!” Nilimwinamia mpaka paji la uso likagusa kaunta. Stempu iliyogongwa muhuri siku moja kabla haijatolewa, kwa sheria zetu haiwezi kuwepo. “Nimeiharibu. Nina karatasi niliyojiwekea mwenyewe, nitakugongea upya. Hii lazima niichane, niandike ripoti.”

Aliinua karatasi kwa kibano, akaisogeza karibu na macho.

“Tarehe kumi na nne alikuwa hai,” alisema.

“Ndiyo. Alikuwa hai.”

“Basi usiiguse.”

Nikamwachia. Nikaandika ripoti ya kosa, na pale panapoulizwa kitu kilichoharibika kiko wapi, nikaandika: nimempa mwenyewe. Barua ya onyo ilikuja baadaye, ninayo.

Alasiri nilifunga posta nikaenda kwao. Jeneza lilikuwa bado wazi juu ya mikeka. Chizue alikuwa amezipanga karatasi sita juu ya shuka jeupe, mkia miguuni, mwili ukipanda mpaka kifuani. Kesho yake, kwa desturi yetu ya kuchoma maiti, vyote vingeingia motoni pamoja naye. Alipiga magoti, akaishika ya saba mbele ya macho yale yaliyofumba, akasema kwa sauti ya mtu anayemuamsha mumewe akanywe chai:

“Mzee wangu, tazama uso wake. Imefika jana.”