Mteja Aliyekuja Kunikamata

Mteja wangu alinijibu swali ambalo nilikuwa bado sijamuuliza.

"Siendi chumba cha pembeni," alisema. "Tumalizie hapa hapa."

Jamani, nilikuwa hata sijamkaribisha kiti.

Mimi ni mshauri wa fedha katika benki. Wateja wangu wote ni wastaafu. Kazi yangu ni kuhakikisha kiinua mgongo cha mtu hakiyeyuki kabla mwenyewe hajakifaidi. Wenzangu wananitania eti nalea wazee. Sawa, nalea. Kuna tatizo?

Huyu sote tulimwita Mama Mkunga. Amezalisha nusu ya mtaa wake na hajawahi kumwogopa mtu. Akija huwa ananichokoza kwanza, "Mwanangu umekonda, nani anakunyima chakula?" ndipo tunaingia kwenye mambo ya pesa.

Siku hiyo hakunichokoza. Shikamoo yangu aliipokea juu juu, akaukumbatia mkoba wake kama mtu aliyezungukwa na wezi.

"Nataka kutoa zote," alisema. "Leo. Ziingizwe kwenye akaunti hii." Akanisogezea kikaratasi.

Zote! Akiba ya miaka yake yote ya kazi, ile inayomlipia kodi na dawa.

Sasa, ofisini kwetu tuna utaratibu. Mteja mzee akitaka kutoa kila kitu kwa mpigo, unamwita chumba cha pembeni peke yake, unamuuliza taratibu: nani amekushauri, nyumbani nani anajua, haraka ya nini. Wateja hawaujui utaratibu huo. Ni siri yetu sisi wafanyakazi.

"Mama, naomba nikuulize..."

"Hakuna aliyenishauri. Watoto wangu hayawahusu. Na haraka ni yangu mwenyewe."

Majibu yote matatu, tena kwa mpangilio!

Nikamwangalia vizuri. Masikio yalikuwa yamefunikwa na mtandio, lakini alipogeuza shingo nikaona waya mwembamba umetokea mkobani, umepanda hadi sikioni.

Kuna mtu alikuwa anatusikiliza.

Nikachukua karatasi, nikaandika: Mama, unatapeliwa, kata simu. Nikamsogezea polepole.

Akasoma. Unajua alifanya nini? Alitabasamu. Akaikunja ile karatasi vizuri, akaitia mkobani.

Weh! Hapo ndipo nikaelewa. Mama wa watu alikuja kunikamata mimi. Mtu alishamwambia mwizi ndiye mimi, na kila nitakachofanya kumlinda kitakuwa ushahidi. Nikimchelewesha, mwizi. Nikimuuliza, mwizi. Nikimwandikia vikaratasi, ndiyo kabisa!

Nikaishiwa mbinu. Nikikataa, atahamia kwa mshauri wa chumba cha pili na pesa zitaondoka mchana kweupe. Nikikubali, muamala utabaki na jina langu, na yeye atabaki bila kitu.

Basi nikaamua kukubali. Kwa mdomo tu.

"Sawa mama," nikasema kwa sauti ya kufika mpaka mkobani. "Pesa ni zako, mimi nani nikuzuie? Nazitoa sasa hivi."

Nikaanza kubonyeza kompyuta. Sikuwa nabonyeza chochote cha maana, nilikuwa nafungua kalenda nafunga.

Akakunja uso. "Hunizuii?"

"Hapana."

"Huniiti kule chumbani?"

"Kufanya nini, mama? Vumilia kidogo tu, namalizia."

Akanitazama sana. Huyu ni mtu aliyezoea kuona mambo yakienda kinyume na alivyoambiwa, na kuamua papo hapo. Akauvuta ule waya sikioni, akatoa simu mkobani, akaiweka mezani na kufungua spika.

"Afisa," alisema, "huyu hajakataa. Mbona ulisema atakataa?"

Ikajibu sauti ya kiume, ya kunong'ona. "Anakuzuga, mama yangu. Mwambie amalize haraka."

Wakati huo huo, nje ukumbini, kipaza sauti cha foleni kikamwita mteja wa dirisha la tatu.

Na ndani ya simu nako kikamwita mteja wa dirisha la tatu.

Tukatazamana. Mama Mkunga akaisogelea simu, akauliza kwa upole wa kutisha, "Afisa, uko wapi wewe?"

Simu ikakatwa.

Nikaruka, nikafungua mlango. Koridoni alikuwepo mtu mmoja tu, ameegemea ukuta, anatia simu mfukoni.

Kocha.

Kocha ni mshauri mwenzetu, mkongwe kuliko sote. Tunamwita hivyo kwa sababu kila mgeni anafundishwa kazi na yeye. Ule utaratibu wa chumba cha pembeni, yeye ndiye aliyenifundisha. Akili yangu ikagoma kabisa. Kocha? Huyu huyu?

"Vipi, mbona unahema hivyo?" aliniuliza huku akicheka. Kisha akamwona mama nyuma yangu. "Pole, mama yangu. Kuna shida?"

Mama Mkunga akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Ndiye," alisema. "Sauti hiyo huniamsha kila asubuhi."

"Mlinzi! Funga mlango!" Nilipiga ukelele hadi nikajishangaa.

Kocha alijaribu kucheka, akajaribu kukasirika, mwishowe akakaa chini. Polisi wa kweli walipofika walimkuta na simu mbili. Namba za wastaafu wetu alizichota humo humo ofisini, na kwa mama alijitambulisha kama afisa wa upelelezi anayenichunguza mimi, akamwambia ahamishie pesa kwenye akaunti ya usalama kabla sijaziiba.

Nikamrudia mama na glasi ya maji. Sitaki uongo, nilitegemea kusifiwa. Nikamkuta analia.

"Mama, pesa zako zipo. Hakuna iliyoguswa."

"Najua."

"Sasa unalia nini?"

Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Wiki zote hizi alikuwa ananipigia. Ananiuliza nimelalaje, goti linaendeleaje. Tunaongea, tunacheka. Watoto wangu wakipiga, wanauliza kama pensheni imetoka."

Akanywa maji kidogo.

"Kesho nani atanipigia, mwanangu?"

Nikavuta kiti, nikaketi karibu naye, mimi ninayelipwa kutoa majibu.

Ndugu yangu unayesoma, watu hunilipa kwa ushauri, lakini huu chukua bure. Tapeli wa wazee haanzi na pesa, anaanza na salamu. Simu unayo mkononi sasa hivi. Mpigie mzee wako, muulize amelalaje, halafu unyamaze umsikilize.