Mke wangu, Fiston Mkongomani na majani ya manyoya: nilichong'oa uani bado kinaniuma

Wakuu, heshima kwenu wote. Mimi humu ni msomaji tu, nacheka visa vya wenzangu halafu napita kimya. Leo zamu yangu. Hii siyo chai, ni maisha yangu mwenyewe, na mlioko Kasulu mkinitambua, mezeni tu.

Niseme kabla hamjaniuliza. Mimi nina wivu. Baba alikuwa nao, babu wanasema alizidi, na mke wangu alilijua hilo kabla mahari haijatoka kwetu. Kwa hiyo atakayekuja hapa kuniambia "mkuu punguza wivu" ajue kachelewa.

Ni mkulima wa mahindi na maharage hapa Rungwe Mpya, na nina kijiduka cha vipuri vya baiskeli. Wazazi walitoka Burundi wakapewa uraia, sisi tumezaliwa hapa hapa. Mke wangu, mama Devota, ni wa Kitahana, kule Kibondo.

Sasa mama yake alikuwa na kikohozi cha asubuhi kisichoisha. Hospitali ya Kabanga walimpima, wakasema siyo ugonjwa wa kutisha, ni moshi wa kuni wa miaka mingi, wakampa dawa na kumwambia aache kupikia ndani. Akapata nafuu, ila asubuhi bado anakohoa.

Na kwa mila zetu mama mkwe, mabukwe tunamwita, huwezi kumsogelea hivi hivi. Huli mbele yake, unamsalimia kwa mbali macho chini. Kwa hiyo kumuuguza ilikuwa kazi ya mke wangu, mimi natoa nauli tu.

Hapo ndipo anaingia Fiston.

Fiston ni Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Ana meza kwenye gulio la jirani na kambi, upande mmoja mitumba, upande mwingine dawa za majani. Mrefu. Shati limepigwa pasi hata siku ya vumbi. Manukato yake unayapata kabla hujamwona. Na maneno anayo, kila mwanamke kwake ni "maman" na kila kitu ni "bien", yaani safi.

Mke wangu akamweleza habari za mama yake. Jamaa akampa mbegu kidogo kwenye kinailoni, bure. Akamwambia kwao Kivu mmea huo wanauita bouillon blanc, majani yake wanachemshia watu wa kikohozi. Mimi baadaye niliingia Google nikakuta Wazungu wanauita mullein.

Bure, wakuu. Mfanyabiashara wa gulioni anampa mke wa mtu kitu bure. Nikakaa nalo moyoni.

Mbegu zenyewe ndogo kama ugoro. Mama Devota akasafisha sehemu yenye changarawe nyuma ya jiko, akazinyunyiza juu ya udongo na kuziacha hivyo hivyo. Hakufukia. Nikamcheka, nikamwambia mbegu isiyofukiwa unalisha sisimizi. Akanijibu kwamba Fiston kasema zinataka mwanga.

Zikaota.

Majani yakatanuka chini kwa duara, makubwa, rangi ya kijivu kijani, yana manyoya laini kama blanketi la mtoto mchanga. Akawa anayachuma machache, anayakausha kivulini na kumpelekea mama yake. Akamfundisha kuchuja ile chai kwa kitambaa safi, maana yale manyoya yakiingia kooni yanawasha. Hilo nalo Fiston kasema.

Mabukwe akapiga simu kusema anaamka vizuri. Sijui ni majani au ni kule kuhamishia jiko nje, mimi siyo daktari. Ila sifa zote zilikwenda kwa Fiston.

Nyumbani kwangu ikawa Fiston kasema. Fiston kasema usichume majani ya katikati. Fiston kasema yasipewe kivuli. Siku ya gulio mama Devota anaoga mapema. Halafu nikagundua anaupiga picha ule mmea na kumtumia Fiston WhatsApp, na Fiston anarudisha vidole gumba na maua.

Mimi nimeishi na huyu mwanamke tangu ujana. Hajawahi kunitumia picha hata ya ugali.

Nikajiambia, dawa ya huyu mtu ni mimi kuwa mtaalamu wa huu mmea. Nikiutunza vizuri, mke wangu atakuwa na haja gani ya kuuliza gulioni? Nikaleta samadi ya mbuzi, nikaijaza pale. Nikamwagilia asubuhi na jioni kama navyomwagilia mchicha. Mama Devota aliniambia acha, nikamwambia mimi nimelima kabla Fiston hajajua jembe.

Yakaanza kulegea. Yakawa ya njano, moyo wa mmea ukaoza, mmoja baada ya mwingine.

Mke wangu akafanya nini? Akampigia Fiston. Na Fiston akaja.

Naomba mnielewe hapa. Mkimbizi kutoka kambini anahitaji kibali. Wenzake wakipata kibali wanakimbilia Kasulu mjini kutafuta bidhaa. Yeye kibali chake kakitumia kuja kuangalia majani ya mke wangu. Kashuka kwenye bodaboda na shati lake jeupe, majirani wote wanachungulia kwenye ua wa minyaa, kachuchumaa pale nyuma ya jiko, kashika udongo, kanusa.

"Papa," akaniambia, "ile kitu haipendaka maji mingi. Inapenda kuteseka."

Mama Devota akacheka. Siyo kicheko cha kunidhihaki, hapana, ni kile kicheko cha raha ambacho mara ya mwisho nilikisikia wakati wa uchumba. Hicho ndicho kilichonichoma.

Fiston akaondoa samadi yangu yote kwa mikono yake. Ukapona mmea mmoja, ule uliokuwa pembeni kwenye mawe.

Basi majirani hawana dogo. Toka siku hiyo ule mmea ukaitwa mti wa Fiston. Mtu anapita, anauliza, mti wa Fiston unaendeleaje? Watoto wanaambizana msicheze karibu na mti wa Fiston. Uani kwangu, kwenye kiwanja nilichofyatulia matofali mwenyewe, pana mti wa mwanaume mwingine.

Mwaka uliofuata, baada ya kile kibaridi cha Juni na Julai, ule mmea ukapandisha shina. Likanyooka juu, likanipita kimo, likaanza kutoa vimaua vya njano kuzunguka kama gunzi la mahindi. Ukiwa barabarani unaliona. Watu wakawa wanasimama kabisa.

Wakati huo mama Devota alikuwa Kitahana, mama yake aliteleza akaumia nyonga. Mimi nimebaki na watoto.

Asubuhi moja jirani yangu anayeuza maziwa akapita, akasema kwa sauti, "Eeh, mti wa Fiston umesimama kuliko mwenye nyumba."

Wakuu, nilicheka naye. Alipoondoka nikachukua jembe.

Nijitetee kidogo. Huku kwetu sukuma wiki au chainizi ikipandisha shina la maua, tunasema imezeeka, tunaing'oa tupande nyingine. Ndivyo mama alivyotufundisha, ndivyo kila mtu anavyofanya. Mkono wangu ulikuwa wa mkulima. Moyo ndio ulikuwa wa kitu kingine, na siwezi kuwadanganya kwamba sikusikia raha lile shina lilipolala chini. Mbuzi walilinusa wakalikataa. Nikalichoma pamoja na takataka.

Mama Devota aliporudi hakuweka hata mkoba chini. Alipitiliza nyuma ya jiko. Akaniita kutoka huko huko.

Nikampa maelezo ya chainizi. Kwamba ulishazeeka. Kwamba nilikuwa nasafisha tu.

Hakupaza sauti. Alisema hivi, na nayaandika kama yalivyotoka:

"Baba Devota, nilikuwa nasubiri ule mti ukaushe mbegu. Unadhani sioni unavyonuna siku za gulio? Nilitaka nipate mbegu zangu mwenyewe, nisiwe na sababu ya kumfuata Fiston tena. Nimengoja mwaka mzima kwa ajili yako."

Akaingia ndani. Akanipikia, akaniwekea chakula mezani, akaenda kula na watoto jikoni. Hali hiyo ikaendelea. Na kule Kitahana majani makavu yakaisha, mabukwe akaanza kuulizia kwenye simu, na mke wangu anamjibu kwamba mmea ulipata ajali. Hakunitaja. Afadhali angenitaja.

Ikabidi niende gulioni mwenyewe.

Fiston aliniona kwa mbali, akatabasamu, akauliza maman yuko wapi. Nikamwambia hajambo, mimi nimekuja kuomba mbegu. Akaniangalia weee. Nadhani alielewa kila kitu, maana hakuuliza mmea umepatwa na nini.

Akasema mbegu anazo, ila kidogo, hawezi kunikabidhi. "Mkono yako ni ya mahindi, papa. Nitakuja kupanda mimi mwenyewe."

Ningefanyaje? Nikamwambia karibu.

Akaja na kibali chake na manukato yake. Akanyunyiza pale kwenye mawe, mke wangu amesimama pembeni, mimi nimesimama nyuma yao kama mgeni. Ikafika saa ya kula. Kwetu mgeni wa kiume ananawishwa na mwenye nyumba, hilo halina mjadala. Nikashika birika na beseni, nikainama, nikammwagia Fiston maji mikononi. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Mama Devota alikuwa mlangoni na bakuli la maharage ananitazama, na siku hiyo alikula nasi meza moja.

Nilichojifunza? Kama una mullein, usifukie mbegu, usijaze samadi, usimwagilie kama bustani ya mchicha, na shina likipanda liache likauke lenyewe. La pili, kitu cha mke wako usiking'oe kabla hujamuuliza anakingojea nini.

Wivu bado upo, tena umezidi. Miche imeshaota, mke wangu kanikataza kuigusa, na haitatoa mbegu mpaka kipupwe cha mwaka kesho kipite. Mpaka hapo Fiston ana kila sababu ya kuja kwangu kukagua, na aliyempa sababu hiyo ni mimi.

Haya, nitupieni mawe. Na mwenye mbegu za huu mmea popote alipo, nakuomba, njoo PM hata leo.